Risasi Inayoingia na Risasi Inayofaa

Mazungumzo na wamiliki wa bunduki kuukuu za mafunzo ya kijeshi, Mpanda, Mkoa wa Katavi



Kitu tulichokuja kukizungumzia hakizidi urefu wa kiungo kimoja cha kidole, nacho ni risasi ya bunduki ya pointi 22. Tumeombwa tueleze ni risasi ipi inayofaa kwa zile bunduki ndogo za zamani zilizoundwa kwa ajili ya kufundishia askari shabaha, ambazo majeshi yalipobadili silaha ziliuzwa kwa raia katika nchi nyingi, zikapita mkono hadi mkono, na mwisho zikaangukia kwa mtu ambaye hakuachiwa maelezo yoyote isipokuwa chuma chenyewe.

Tuanze na neno ambalo mengine yote yatalizunguka. Risasi kuingia katika chemba ya bunduki si ushahidi kwamba ndiyo risasi yake. Tunalitaja mapema kwa sababu mkoa wetu una mazingira yanayomshawishi mtu kuamini kinyume. Duka lenye leseni ya kuuza risasi liko mbali, safari ya kulifuata inagharimu nauli na siku za kazi, na anayefika dukani hukuta mara nyingine aina moja tu imebaki. Muuzaji akisema, "Hii nayo ni pointi 22," mnunuzi huona afadhali kuichukua kuliko kurudi mikono mitupu. Akifika nyumbani huijaribu, inaingia, kufuli linafungwa, naye anaridhika. Hatari huanzia katika kuridhika huko.

Inafaa kuzijua bunduki hizi zilivyozaliwa, maana umbo lake hudanganya. Katika vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, vilivyokwisha mwaka 1902, Waingereza waliona kwamba askari wao wengi hawakuwa na shabaha. Risasi kubwa ya pointi 303 ilikuwa ghali kwa mazoezi ya kila siku, nayo ilihitaji uwanja mrefu. Basi mwaka 1906 Wizara yao ya Vita ikaidhinisha muundo wa bunduki ndogo ya mazoezi, na mwaka 1907 wakaanza kugeuza bunduki kubwa za askari ziwe za pointi 22. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaja ile iitwayo No. 2, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja No. 8. Mafundi wengine walichukua Martini za karne ya 19 wakazitia mitutu midogo. Nia ilikuwa mwanafunzi ashike uzito uleule na umbo lilelile la silaha ya vita, lakini apige kwa kirisasi cha milimeta 5.6.

Kwa hiyo mtu anayeitazama bunduki ya namna hii huona silaha nzito, kitako kinene, chuma kipana, akasema moyoni kwamba chombo kilichokusudiwa vitani hakiwezi kushindwa na risasi ya kupigia kanga. Hilo ni kosa la macho. Uzito wa mbao hausaidii chochote pale ganda la risasi linapopasuka. Kinachozuia gesi isimrudie mpigaji ni mambo matatu tu: ukuta wa chemba, kufuli linalolikaza ganda kwa nyuma, na ganda lenyewe. Katika bunduki yenye miaka 80 au 100, mawili ya kwanza yamechakaa kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukipima.

Hapa turuhusiwe kugusa habari ya gobore, kwa sababu wengi wetu tumekulia katika nyumba zilizolijua. Bunduki si ngeni katika nchi hii. Wabelgiji walijenga ngome Karema mwaka 1879, na hata kabla yao misafara ya pembe ilipita ikiwa na bunduki za kushindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Mwenye gobore alizoea kupima baruti kwa kiganja, kuongeza kidogo akitaka nguvu, kupunguza akiogopa, na kutia goroli au kipande chochote cha chuma kilichopita mtutuni. Mazoea hayo yamewapoteza vidole watu wengi hata kwa gobore lenyewe. Yakihamishiwa kwenye bunduki ya risasi za ganda, ni mambo ya mzoea punda hapandi farasi. Risasi ya pointi 22 imepimwa kiwandani. Haiongezwi wala haipunguzwi. Magobore yaliyotengenezwa kienyeji bila kibali hatutayashauri risasi ya aina yoyote, kwa kuwa mahali pake ni kituo cha polisi.

Sasa tuingie katika jamaa yenyewe ya pointi 22, maana jina moja linabeba ndugu kadhaa wasiofanana tabia. Wa kwanza kuzaliwa ni Short, mwaka 1857 huko Marekani. Akafuata Long mwaka 1871, na mwaka 1887 akaja Long Rifle, ambaye ndiye anayeuzwa zaidi duniani leo na ndiye bunduki nyingi za mafunzo ya kijeshi ziliundwa kwa ajili yake. Hawa watatu wana unene mmoja wa ganda, na tofauti iko katika urefu na uzito. Ganda la Short lina urefu wa milimeta 10.7 hivi, na la Long na Long Rifle ni milimeta 15.6. Mwaka 1959 akazaliwa ndugu wa mbali, Magnum, ambaye ganda lake ni nene zaidi na lina urefu wa karibu milimeta 27.

Short akitiwa katika chemba ya Long Rifle huingia bila ubishi na hupigika. Hata hivyo, kwa sababu ganda lake ni fupi, moto wake huacha masizi na risasi iliyoyeyuka mbele yake ndani ya chemba. Ukipiga nyingi za namna hiyo bila kusafisha, utengeneze kama pete ya uchafu. Siku utakapotia Long Rifle haitakaa sawasawa, nawe utashawishika kuisukuma kwa nguvu. Usisukume. Kiwashio cha risasi hizi kimo ndani ya ukingo wa ganda, mzunguko mzima, na ukingo huo ndio unaogandamizwa na kufuli. Risasi inayolazimishwa inaweza kulipuka kabla kufuli halijajifunga.

Kinyume chake, Long Rifle katika bunduki iliyochongwa kwa ajili ya Short ni hatari ya moja kwa moja. Na iliyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inaonekana nyepesi, ni Long Rifle katika chemba ya Magnum. Inaingia, tena inateleza vizuri kupita kiasi. Ganda halina ukuta wa kuliegemea, linatanuka, linapasuka ubavuni, na gesi hutafuta njia ya kurudi nyuma, kwenye jicho. Bunduki ya mafunzo ya kijeshi ya zamani haikuzaliwa na chemba ya Magnum, lakini tunataja hili kwa sababu mitutu hubadilishwa. Bunduki iliyopita mikononi mwa mafundi watatu inaweza kuwa na maandishi ya kiwanda kimoja na mtutu wa kingine.

Kwa hiyo someni mtutu kwanza, kabla ya kusoma boksi. Futeni mafuta na vumbi taratibu kwa kitambaa, tafuteni maandishi karibu na chemba. Bunduki za Uingereza hubeba alama za nyumba za upimaji za London na Birmingham, ambako kila mtutu ulipigishwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Herufi NP au BNP chini ya taji maana yake ni kwamba mtutu ulipimwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Mkikuta maandishi yanayotaja aina ya risasi, yanakilini jinsi yalivyo, hata kama hamyaelewi. Mkikuta yamefutika, au yamesuguliwa kwa tupa, msikisie.

Tumetaja baruti isiyo na moshi, na hapo pana jambo ambalo watu wengi hulipita. Baruti ya zamani, ile nyeusi, huungua ikitoa wingu zito. Baruti ya kisasa huungua kwa namna nyingine na kusukuma kwa shinikizo jingine. Nchi hii ililiona jambo hilo kwa macho. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani hapa kwetu walikuwa bado wanabeba bunduki za muundo wa mwaka 1871, ambazo moshi wake ulimfichua mpigaji mahali alipojificha. Bunduki ndogo za karne ya 19 nazo ziliundwa kwa baruti nyeusi, na chuma chake kilikadiriwa kwa kazi hiyo. Anayemiliki bunduki ya umri huo asiipige kwa risasi ya leo ya aina yoyote hadi fundi wa silaha mwenye leseni aipime. Fundi wa namna hiyo si rahisi kumpata karibu, tunalijua hilo. Lakini ugumu wa kumpata fundi haubadili nguvu ya chuma.

Kwa bunduki za kati, yaani zile zilizoundwa tangu miaka ya 1900 kwa ajili ya Long Rifle, na ambazo zimekaguliwa zikaonekana nzima, ushauri wetu ni mmoja. Nunueni Long Rifle ya mwendo wa kawaida, yenye kichwa cha risasi tupu cha gramu 2.6, ambayo juu ya boksi huandikwa "Standard Velocity" pamoja na uzito wa "40 grain". Hiyo huruka kwa mita 330 hivi kwa sekunde. Iacheni ile iliyoandikwa "High Velocity", na msiiguse iliyoandikwa "Hyper Velocity". Risasi za mwendo mkubwa zilianza kuuzwa mwaka 1930, na bunduki nyingi tunazozizungumzia zilikuwa zimekwisha kuundwa. Hata zile zilizofuata baadaye hazipati faida yoyote kwayo. Zilitengenezwa kufundishia shabaha, na risasi ya taratibu ndiyo inayolenga vizuri zaidi ndani yake. Baadhi ya zile za mwendo uliokithiri zina ganda refu kuliko la kawaida, na katika chemba iliyochongwa kwa kubana, kama za bunduki za shabaha zilivyo, ganda hilo hulazimika kuingia mahali ambapo si pake.

Mwenye kufikiri atauliza, je, basi si bora tutafute ile dhaifu kabisa? Hapana. Zipo risasi za pointi 22 zenye baruti kidogo mno, na nyingine zinazotegemea kiwashio peke yake. Katika mtutu mrefu wa bunduki ya kijeshi, uliojaa mashimo ya kutu, kichwa cha risasi hiyo kinaweza kukwama katikati. Risasi ya pili ikipigwa nyuma yake, mtutu huvimba au hupasuka. Ndiyo maana mkisikia mlio dhaifu kuliko kawaida, jambo la kwanza ni kuacha. Toeni risasi zote, fungueni kufuli, na mtazame mwanga ndani ya mtutu kutokea upande wa chemba. Kama hakuna mwanga, bunduki hiyo imemaliza kazi ya siku hiyo. Msijaribu kuzibua kwa kupiga risasi nyingine.

Mtutu wenyewe una historia yake ya maradhi. Kabla ya viwashio visivyoleta kutu kuanza kutumika, kila risasi iliyopigwa iliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo ilivuta unyevu. Bunduki ya wakati huo ambayo haikusafishwa siku ileile huwa imeliwa ndani kama chuma cha jembe lililosahauliwa shambani. Tazameni pia kama kuna kivuli cha mviringo katikati ya mtutu. Hicho ni kivimbe, kinachoonyesha kwamba zamani kuna kitu kilikwama na mtu akapiga juu yake. Mtutu wenye kivimbe haufai tena. Na kwa sisi wa huku kuna adui ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji sana: nyigu anayejenga kwa udongo. Bunduki ikikaa pembeni msimu mmoja, nyigu huyo huona mdomo wa mtutu ni nyumba nzuri. Udongo huo ukikauka huwa mgumu kama tofali. Kila mara kabla ya kutia risasi, hakikisheni mtutu ni mtupu, hata kama mliutazama jana.

Tukija kwenye risasi zenyewe, tuwe wakali kidogo. Risasi isiyo na boksi lake haina jina. Mtu akikuletea kumi zimefungwa katika kitambaa, hujui ni za mwendo gani, za mwaka gani, wala zilikaa wapi. Nyumba zetu nyingi zina dari la mabati, na mchana wa Oktoba joto la hapo juu ni kali. Wengine huhifadhi juu ya jiko, ambapo moshi na mvuke hupanda kila siku. Baruti na kiwashio huharibika katika mazingira hayo bila ganda kuonyesha dalili. Dalili zikionekana, yaani ganda lenye ukungu wa kijani, kichwa kinachozunguka ukikishika kwa vidole, ukingo uliobonyea, basi risasi hiyo haitumiki hata kwa kujaribia. Msiipake mafuta, msiianike juani, msiing'oe kichwa ili kuangalia baruti. Na maganda yaliyokwisha kupigwa hayajazwi upya. Kiwashio chake kilikuwa ndani ya ukingo, na ukingo umekwisha kupondwa.

Risasi ikikataa kulia, bunduki ibaki imeelekezwa mahali salama, mpigaji ahesabu dakika moja kamili, kisha afungue kufuli huku uso ukiwa pembeni. Kiwashio kilichozeeka huweza kuchelewa, na anayefungua kwa haraka huupokea mlipuko nje ya chemba. Miwani ya kukinga macho tunaisisitiza kwa bunduki hizi kuliko kwa silaha mpya. Hata miwani ya kawaida ya mchomea vyuma, ile isiyo na kiza, ni afadhali kuliko macho matupu.

Huenda mtu akatuambia tunakuza mambo, kwani hii ni bunduki ya kufukuzia ngedere shambani. Kichwa cha Long Rifle huweza kusafiri zaidi ya kilometa moja na nusu kikirushwa juu kwa pembe. Kutoka pembezoni mwa shamba la mahindi, kilometa moja na nusu hapa kwetu ni kijiji cha pili, au ni mtu aliyepanda mti kurina asali. Na kuwinda, hata kanga mmoja, kuna kibali chake, ambacho leseni ya bunduki haikitoi.

Katika kununua, mamlaka ya silaha na risasi iko kwa Jeshi la Polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nendeni kwa muuzaji mwenye leseni, mkiwa na leseni yenu na nakala ya maandishi ya mtutu mliyoyanakili. Msitaje "pointi 22" mkaishia hapo. Tajeni jina kamili, Long Rifle, na mwendo wa kawaida. Boksi lifunguliwe mbele yenu, mtazame kama risasi zote ni za aina moja na zinafanana na maandishi ya nje. Daini risiti, na mtunze boksi hadi risasi ya mwisho itakapopigwa, kwa kuwa namba ya toleo iliyochapwa juu yake ndiyo njia pekee ya kufuatilia toleo lenye kasoro. Aliyenunua gizani kwa mtu asiyemjua hana risiti, hana namba, na hawezi kulalamika popote pasipo kujishtaki mwenyewe.

Jambo la mwisho linawahusu waliorithi. Leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Bunduki ya marehemu ipelekwe polisi pamoja na risasi zake zote, na anayetaka kuimiliki aombe upya kwa jina lake. Msizichuje risasi hizo ili kubaki na zilizo nzuri. Mkiona ni kuukuu mno, zenye ukungu au zilizolowa, msizibebe kwenye basi. Mjulisheni mtendaji wa kijiji na Mkuu wa Polisi wa Wilaya, mseme ziko wapi na ziko katika hali gani, mziache palepale mbali na watoto na moto hadi wenye kazi hiyo wafike. Na kama bunduki yenyewe ina thamani ya kumbukumbu kuliko ya matumizi, inawezekana kumwomba polisi ushauri wa namna ya kuifanya isipige tena, ili ibaki ukutani kwa kibali. Kwa Martini nyingi za karne ya 19, kwa maoni yetu, hiyo ndiyo heshima inayozistahili.